Chini ya Kitanda

Siku hizi filamu za kutisha huvaliwa kichwani kama kofia, na mtazamaji ndiye muuaji. Asipochoma kisu, hadithi haisogei.

Mwanaidi aliivaa kofia hiyo ili aone binti yake anatazama nini. Akajikuta ameshika kisu. Alipochungulia chini ya kitanda, alimkuta Siwatu, mwanawe, akitetemeka. Akaivua.

"Mama mwoga wewe!" Siwatu alicheka. "Ni sura tu. Filamu huwa inachagua mtu wa nyumbani. Mimi nilimaliza jana."

"Wewe ulimkuta nani?"

Siwatu aliinamisha kichwa.

Mwanaidi aliipondaponda ile kofia kwa mchi. Kisha akampa binti yake kisu cha jikoni.

"Katakata vitunguu, mwanangu."

Akamgeuzia mgongo makusudi, akakoroga mchuzi. Hakusikia kisu kikigusa ubao. Hakugeuka.