Chumba cha Mwisho

Fundi Makame alipomaliza kufunga kengele ya moto kwenye dari ya ukumbi, alipangusa vumbi mikononi.

"Sasa tuijaribu, mama. Mmoja aingie chumba cha mwisho, afunge mlango, alale kabisa. Tuone kama itamwamsha."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha Shaibu. Nyumba ilijengwa upya baada ya moto uliomchukua usingizini, lakini Bi Mwanaidi alikirudisha palepale chumba cha mwanawe, na kitanda alikitandika mwenyewe.

"Kalale wewe, fundi mwanangu. Mimi nitapanda ngazi nibonyeze."

"Kwa magoti hayo, mama? Ngazi itatucheka."

Bi Mwanaidi akavua viatu. Akasema bismillahi, akaingia, akafunga mlango, akalala ubavu wa kulia na kuelekea ukutani, kama alivyokuwa akilala Shaibu. Siku zote majirani walimwambia kwamba siku ya kijana ilikuwa imefika, hata angeitwa vipi asingesikia. Naye aliliamini neno hilo, maana ndilo lililompa usingizi.

Kengele ikalia. Ikapenya mlango, ikapenya mto, ikamtetemesha hadi meno. Kisha ikanyamaza.

"Mama, imesikika huko?"

Bi Mwanaidi akafumbua macho.

"Mama? Imesikika?"

Bi Mwanaidi alinyoosha mkono akaanza kuilainisha shuka mbele yake, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto ili asiamke.