Winchi ya Shimo la Mwisho

Dhahabu ilikwisha mwaka 1957, na kampuni ikaamua kufunga shimo lake la mwisho nje ya Kisangani. Siku ya kulifunga, maji yalibomoa ukuta wa chini, wachimbaji wawili wakiwa bado ndani wanang'oa pampu.

"Toka, Amundala! Nguzo zinaanguka!" msimamizi alipiga kelele huku akikimbia.

Amundala, mwendesha winchi, mashine ya kamba iliyopandisha watu kutoka shimoni, hakuondoka. "Batu yangu iko chini, patron," alijibu, akionyesha shimo walimokuwa wale watu wake wawili.

Mashine ikazimika. Akashika mpini wa chuma, akaanza kuuzungusha kwa mikono. Ngozi ya viganja ilichubuka, damu ikamtiririka mpaka viwikoni. Mbao zilipasuka juu ya kichwa chake. Hakuinua macho.

Sauti ya mchimbaji mmoja ikapanda kutoka gizani, ikimwita baba kwa heshima: "Vuta, papa! Tuko wote wawili!"

Akavuta.