Majina ya Manamba

Shamba la mkonge jirani na Kimamba lilipouzwa, mnunuzi alitangaza kwamba atalima hadi kwenye makaburi ya wafanyakazi, maana hakuna aliyejua nani kazikwa humo.

Marehemu mume wa Mwamvua, aliyewahi kuwa karani wa shamba, alijua. Alipostaafu na kuhamia Dar es Salaam, aliyaingiza majina yote kwenye kompyuta yake. Sasa Mwamvua aliileta Kimamba kwa treni, na boksi lake lilifika limebonyea upande mmoja.

Fundi redio aliiwasha. Diski ilikwaruza tu, haikuzunguka.

"Pole, mama," alisema kwa huzuni. "Imenasa kwa misukosuko ya njiani. Nikiigonga itazunguka kidogo, au itakufa kabisa."

"Igonge, mwanangu."

Aliigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Diski ikavuma. Majina yakatokea kwenye kioo, ukurasa mmoja mmoja, kwa alfabeti: manamba, vibarua walioletwa kukata mkonge kutoka Njombe, Songea, hata Burundi. Mwamvua akashika kalamu.

Babu yake fundi, kama alivyomweleza Mwamvua, alikuwa mmoja wao, na jina lake lilianza na S. Diski isingefika huko. Kidole cha fundi kilisita juu ya kitufe cha kurukia mwisho.

"Vipi, fundi?"

Akakiondoa. "Andika, mama. Abdala Ngonyani. Adamu Haule."

Walikuwa kwenye M diski iliponyamaza. Fundi aliigonga tena na tena, haikuvuma.

Mwamvua hakuweka kalamu chini.

"Na babu yako," aliuliza, "aliitwa nani?"