Ningu Wanne

Kwa desturi ya huko, mama mkwe haongei na mkwewe uso kwa uso. Basi Melania akampa mgongo mkwewe Kanisius, mlinzi wa pampu ya mgodi wa makaa ya mawe iliyokuwa ikinyonya maji ya mto, akaongea na beseni lake lenye ningu wanne, samaki wa mtoni aliowaokota matopeni.

"Ningu, mwambieni baba azime pampu. Mto mzima mmebaki nyie tu, na mna mayai tumboni."

Kanisius aliliinamia bomba. "Bomba, mwambie mama swichi iko kule kwa wanaoosha makaa."

"Basi apige simu!"

"Mwambie nimepiga mara tatu. Wameniuliza Ningu ni nani."

Melania aligeuka. Kanisius akajifunika uso kwa kofia, kisha akaivua. Wakalishika beseni wote wawili, dimbwi miguuni pao likizidi kushuka, wasijue samaki wawapeleke wapi.