Vali ya Nyamizi

Nyamizi, fundi baiskeli, alichonga kwa mpira wa tairi vali, kile kipande kinachozuia maji kurudi kisimani, akaifunga kwenye pampu ya mtaa. Wanawake waliozoea kupampu mara arobaini sasa walipampu mara tatu tu, maji yakaja.

Wiki ya pili akafika mkaguzi wa maji, akaifungua pampu, akaikuta vali ile.

"Nani kakuruhusu, mama?"

"Hakuna, bwana. Ile yenu ilikuwa inavuja."

"Hii haijathibitishwa." Akaitoa, akafunga vali kama ile ya zamani.

Wanawake wakapampu mpaka mikono ikafa ganzi. Nyamizi akaomba arudishiwe kipande chake. Mkaguzi alikuwa amekaa garini, daftari gotini, anakipima kwa rula na kukichora, taratibu, kila upande.