Ufuta wa Mama

Siku hizi kila marehemu hupandiwa ufuta, na ufuta huo ukikaangwa, husema kwa sauti yake. Mama alipandwa nyuma ya nyumba yetu, Nachingwea.

Tulipomaliza kukung'uta miganda juu ya turubai, dada yangu Somoe alitia konzi ya kwanza kikaangoni. Ufuta ukaanza kurukaruka, na mama akasema, "Somoe, punguza moto! Mume umepata, kupika bado?"

Tulicheka hadi machozi.

"Tuukaange wote," nilisema. "Mwakani marehemu mzee Chitanda anapandwa shamba la jirani. Nyuki watachanganya chavua yake na ya mama."

"Tukiumaliza leo, kesho tutamsikia wapi?" alijibu Somoe. "Tupande. Mama alipenda wageni."

Tukapanda. Mwaka huu tumevuna vizuri, na mama bado ana utani. Leo kaniuliza mbona nimenenepa, wanangu wakaangua kicheko. Kisha akakohoa kikohozi kizito cha kiume, akaomba tumbaku.

"Mama hakuvuta tumbaku," nilimnong'oneza Somoe.

"Alivuta. Umesahau tu," alisema, akikoroga sukari ya kashata.

Nilijaribu kukumbuka. Kikaangoni sauti iliniita kwa upendo, nami nikaitika, "Abee, mama."