Hodi Katika Nchi ya Mafuko

Nungunungu, aliyesifika kwao kwa adabu, alihamia nchi ya mafuko. Kila jioni alisimama kwenye shimo la jirani, akabisha hodi tatu, asiitikiwe, akarudi zake na njaa.

"Hawa wana kiburi!" alinung'unika.

Jioni moja alichoka hata kusimama. Kabla hajamaliza hodi ya kwanza, miguu ilimlegea, akaporomoka mpaka ndani. Mafuko walikuwa wamezunguka sinia la viazi.

"Leo umekubali!" alisema Mama Fuko. "Kila siku tunakuwekea fungu lako. Kwetu, mlango wazi ndio karibu. Anayepiga kelele nje ametukataa. Tukasema, mgeni huyu ana kiburi!"

Nungunungu akataka kushukuru, akasita. Nani ajuaye asante huku huchukuliwaje? Akainamisha kichwa, akala.